Nilimpita Jepkorir Aliponipigia Kelele

Mpendwa Shangazi Nakhungu,

Naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanikaripia, maana jambo hili sijamwambia mtu, hata mama. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu hapa Kitale, napenda vitabu kuliko maneno, na kitu kingine ninachokiweza ni kuteremka mlima kwa baiskeli, jambo nililojifunza na rafiki yangu Jepkorir kwenye njia za ng'ombe za Mlima Elgon, na desturi yetu ni kwamba yeye hutangulia akipiga kelele, "Shimo! Jiwe! Ng'ombe bana, ng'ombe!" nami namfuata nikijua pa kupita. Mwaka jana kocha alitafuta msichana mmoja wa kwenda mashindano ya vijana kule Slovenia, na kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja alitushusha sote pamoja, nikampita Jepkorir karibu na mwisho, nikachaguliwa. Alinikumbatia akasema, "Enda, dada, na usifunge macho."

Kule kila mtu hushuka peke yake. Nilipoachiliwa, nikaingia msituni, kukawa kimya, nikajikuta nashika breki kila kona nikingoja kuambiwa kuna nini mbele. Nilianguka, nikainuka, nikafika wa mwisho, na nilipoketi kwenye nyasi pale chini ndipo nikaelewa kwamba siku ile ya kuchaguliwa Jepkorir alikuwa akinipigia kelele kama kawaida na kupunguza mwendo ili nimsikie, na ndiyo maana nilimpita.

Nyumbani watu wa kanisa walinipokea kwa nyimbo, nami nikasema nilishindwa na baridi. Jepkorir siku hizi anapeleka maziwa sokoni Kamukuywa, na tukikutana ananiambia, "Niaje, mzungu? Ati baridi?" Anacheka, lakini hasimami. Sasa kocha ananitaka tena mwaka huu, anangoja jibu Ijumaa. Nikikataa, atachukua msichana wa kwingine, na nikikubali, nitakuwa nimemnyang'anya rafiki yangu mara ya pili. Nifanye nini?

Aliyefika Mwisho, Kitale

Mwanangu,

Pole kwa kuanguka, na pole zaidi kwa kile kimya. Kufika wa mwisho si aibu. Na siku ya kuchaguliwa hukumwibia mtu, kwa sababu hukujua. Lakini ulipoketi kwenye nyasi ukajua, kisha ukarudi kusingizia baridi, hapo ulikosa, na mwenzako anajua. Nani aliyelelewa Elgon akashindwa na baridi?

Na hiyo fikra ya kukataa kimyakimya ujione umetenda wema, iache. Nafasi ukiitupa haitamwangukia yeye, umesema mwenyewe. Ijumaa usimpe kocha ndiyo wala hapana. Mweleze ulichokielewa Slovenia, umwombe awashushe nyinyi wawili kila mmoja peke yake, kama wanavyofanya kule. Najua una haya. Basi mwandikie, kama ulivyoniandikia mimi. Huenda ukaikosa nafasi. Ikiwa hivyo, kubali.

Lakini kabla ya kocha, nenda kwa Jepkorir. Mngoje akirudi na mitungi mitupu, mwambie ukweli kuhusu hiyo baridi, na akikutukana, nyamaza mpaka amalize. Halafu pandeni mlima pamoja, na safari hii utangulie wewe. Ukiona ng'ombe, piga kelele.