Jina la Mama Lipike

Siku ya ine.

Basi leo Zawadi hakupika samaki hata moja. Miye nilishuka ku ziwa mapema, nikanunua samaki yote ya mikeke ya wavuvi.

Mama yangu alimufundisha Zawadi kupika humu mu malewa yetu, pa kuuzia chakula. Mama alipokufa, Zawadi akafungua malewa yake ngambo ya barabara, akaandika jina la mama yangu ku mulango! Wateja wakamufuata. Sasa binti yangu Neema nitamwachia nini?

Saa sita Zawadi akaja mwenyewe. "Mama Neema, unisaidie mikeke kumi tu. Watu wanangoja."

"Si uko na jina la mama? Lipike hilo!"

Neema alicheka mpaka akamwanga mboga ya sombe.

Mikeke mingi imebaki, na umeme hakuna. Ninaogopa itaoza. Nitaikausha yote ku moshi. Lakini Zawadi hatapata hata kichwa.