Pamba ya Kitukuu Wangu

Jumanne, Lunyo

Bado nasikia kinyaa. Si kwa damu, ni kwa kile kicheko cha nesi.

Leo mjukuu wangu Nekesa alimpeleka kichanga wake achomwe kisigino, apimwe selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Hakuna aliyemweleza chochote. Nesi alifuta tone la kwanza kwa pamba. Nekesa akaiomba ile pamba, akaifukie nyumbani pamoja na kitovu. Nesi akaitupa kwenye ndoo, akicheka. "Nyinyi watu wa kijijini!" Nekesa akamnyakua mtoto, akaondoka kabla kipimo hakijachukuliwa.

Kumcheka mzazi! Ningekuwa na nguvu...

Jioni nilimweleza kwamba ugonjwa huo ukijulikana mapema, mtoto huanza dawa kabla ya maumivu.

"Na pamba, Babu?"

"Kesho tunarudi wote. Nitaidai mwenyewe, kama nitaamka."

"Utaamka tu. Nani mwingine atagombana na nesi?"

Nakiri hapa tu: nimefundisha biolojia maisha yangu yote, na hata mimi sitaki damu ya mtoto wetu ilale kwenye ndoo ile.

Majibu huchukua wiki kadhaa. Sidhani nitayasikia. Pamba nitaifukia.