Vipande vya Mbao vya Matilda

Iyunga, Mbeya

Mdogo wangu Anjelina,

Kwa miaka kumi na mitano nimekuficha jambo moja juu ya mwanao Matilda, na sipendi kufa nalo.

Sasa ndipo nikusalimu. Kamwene, mdogo wangu. Mmeamkaje huko Ilula? Mguu wako umepoa? Mahindi yamefika ghalani? Mimi kifua kimenishinda. Nikiandika mistari mitano naweka kalamu nipumue kwanza. Mganga wa hospitali ananiambia nipumzike, ila hasemi mpaka lini.

Katika barua yako umesema Matilda amekataa kumwandikisha binti yake shule. Umeyaandika maneno yake kama alivyoyatamka: "Mama, mtoto wa kichwa boga ni boga. Mimi saa ya Wazungu ilishanipima. Mnataka na huyu achekwe?" Siku hiyo nilishindwa kula.

Unaijua kazi niliyoifanya nilipoacha ualimu, kuwatafsiria wageni waliosomea saikolojia, yaani elimu ya nafsi ya mtu. Watu hudhani wote ni wamoja. Sivyo. Yule wa kwanza alikuwa daktari wa wagonjwa wa akili. Aliweza kukaa na mtu mmoja mwezi mzima akimwuliza ndoto zake, mama yake, na siku alipoanza kuogopa. Alimjua mtu huyo kuliko mke wa mtu huyo alivyomjua, lakini ukimwuliza habari za watu mia hakuwa na la kusema.

Kisha nikamtumikia mama mmoja aliyechunguza jinsi watoto wanavyokua. Huyo hakuuliza sana. Aliketi uani kwa watu, kigoda chake karibu na mafiga, akiandika nani amemlisha nani, nani amelia, nani amembembeleza. Wanawake wakamcheka, "Huyu mama hana kwao? Mpeni basi maharage achambue!" Akachambua kweli, daftari likiwa mapajani. Aliniambia mtoto haonekani mpaka asahau kwamba anatazamwa.

Wa tatu ndiye aliyekuja Iringa mwaka ule kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kazi yake ilikuwa kupima akili. Kila mtoto alipewa swali lile lile, vipande vile vile vya mbao, muda ule ule, ili walinganishwe. Hakuwa mtu mbaya. Kipimo chake kilikuwa na haki yake pia, maana hakikumjali mtoto wa jumbe kuliko wa mchunga mbuzi. Ila kiliona mikono na saa tu, hakikuona nyumba mtoto alikotoka. Mimi nilitafsiri na kushika saa. Na shule ya bweni ya wasichana ilichagua kwa karatasi zake.

Matilda akaingia. Unakumbuka ulivyomlea. Alipiga magoti. Kila kipande nilichompa alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka chini taratibu. Kisha akatulia, macho chini. Alikuwa akiningoja mimi. Mtoto wa kwetu haanzi jambo mbele ya mjomba wake kabla mjomba hajasema, "Haya, mwanangu." Sheria ya kipimo ilimkataza msaidizi kutamka neno lisiloandikwa, nami nikanyamaza. Saa ikaenda. Mwishowe alianza mwenyewe, akayapanga maumbo yote, hata lile la mwisho lililowashinda wavulana wa darasa la juu. Lakini muda ulikuwa umekwisha zamani. Karatasi yake ikaandikwa sifuri.

Ulikuja kuniuliza, "Kaka, mwanangu kapitaje?" Nikakujibu, "Akili hugawa Mungu, mdogo wangu." Ukasema, "Basi tumshukuru kwa mikono aliyompa, atalima." Na bado ukaniachia kikapu cha viazi.

Msomee Matilda barua hii, binti yake akiwa amekaa pale pale asikie. Mwandikisheni mtoto huyo kabla nafasi hazijajaa. Msalimie shemeji yangu mumeo, mwambie namkumbuka kwa vicheko vyake. Msalimie mama mdogo, kama bado anaona. Na yule katekista mzee aliyenifundisha kusoma, mwambie aniombee, ila asiulize kwa nini.

Ningeweza kuishia hapa, ukadhani kosa lilikuwa la saa na la sheria. Ndimo nilimojificha miaka yote hii. Lakini yule bwana aliona. Alivitazama vile vipande vilivyopangwa, akashangaa, akaniuliza kwa Kiingereza, mtoto asielewe: "Yosefu, huyu amechelewa kwa kichwa kizito, au ni adabu ya kwao? Unawajua watu wake?" Kalamu alikuwa nayo mkononi, tayari kuifuta ile sifuri. Matilda alikuwa bado amepiga magoti, miguu imejaa vumbi la njia, sasa amenyanyua macho ananitazama. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vyeupe na soksi ndefu, na sikuwa nimemwambia bwana yule kwamba nina ndugu wanaotembea pekupeku.

Nikamjibu, "Simjui, Bwana. Ni kichwa chake."

Kaka yako,
Yosefu