Dawa Yangu Iko Machoni mwa Mama

Mama Kahambu mpendwa, naomba msaada wako kabla ya Jumanne, na ukitaka kucheka, cheka kwanza, maana hapa atelie, karakana yetu, wamekwisha kucheka wote: mimi ni seremala karibu na Lac Vert, mwanaume wa miaka hamsini na kitu, mwenye tumbo la kutosha, na juzi nimegonga paji la uso kwenye mlango nilioutengeneza mwenyewe, nikaupima mwenyewe, nikausimamisha mwenyewe, na mwenzangu Baharanyi akapaza sauti, "Papa Télesphore, omba mulango pardon, ulikuwa wa kwanza hapa!"

Nami nilicheka nao. Lakini si pombe, mama. Ni presha ya macho, ule ugonjwa wa glaucoma, unakula pembeni kwanza, hauumi, hausemi, mpaka mutu anabaki anaangalia dunia kama kwenye tundu la ufunguo. Mwaka jana madaktari wa macho walipita kartie yetu, mtaa kwa mtaa, wakipima watu kwa ajili ya utafiti wao, wakanikuta na ugonjwa huo, wakaniandikisha: wananipa chupa ya matone bure, natia kila jioni, kisha narudi wapime kama presha imeshuka. Walinieleza wazi kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa inalinda kile kilichobaki tu. Nilielewa vizuri. Ningekuwa mjinga ningekuwa na nafuu.

Halafu mama yangu akashuka kutoka Masisi kwa sababu ya vita, akiongozwa kwa mkono, haoni jua wala uso wangu. Nikampeleka kwa dokta yule yule wa utafiti anayenipima. Akamwangalia kwa muda mrefu, akanigeukia, akaniambia kwa Kifaransa, ambacho mama hasikii, kwamba ni ugonjwa huo huo, mishipa ya macho yote mawili imekufa, hakuna tone wala kisu kitakachoirudisha. Mama akanishika mkono: "Anasema nini, papa?" Na mimi, na mvi zangu hizi, nikajibu, "Anasema itarudi, mama. Mupole mupole. Kuko dawa."

Sasa dawa ikabidi iwepo. Kwetu mutoto hawezi kujitibu huku mama amekaa pembeni anangoja, na chupa ni moja, na tangu njia ziharibike kuipata kwenye famasi ni bahati. Mwanzoni niligawanya, yeye tone na mimi tone, chupa ikaisha kabla ya wakati, nikaona haya kuomba nyingine kabla ya siku yake, basi sasa kila chupa ninayopewa namtia yeye peke yake. Anainua uso, ametulia, na asubuhi ananiambia, "Leo niko naona kama kweupe kidogo," na mke wangu Bénita anatoka nje ili asilie mbele yake.

Presha yangu imepanda. Dokta aliniuliza kama dawa naitia kila jioni, nikasema ndiyo, naitia, ila sikusema kwa nani. Akatikisa kichwa, akaandika kwamba dawa hii hainifai, na Jumanne nipasuliwe jicho la kulia. Nikisema ukweli, mama atajua kwamba hataona tena. Nikinyamaza, napasuliwa kwa uongo wangu mwenyewe. Na kila asubuhi msumeno wa umeme unaningoja, na vidole bado ninavyo vyote, namshukuru Mungu. Nifanye nini?

Télesphore, Goma

*

Papa Télesphore,

Nimecheka niliposoma habari ya mlango, kisha nikaacha. Pole sana. Neno lililokutoka pale mbele ya dokta lilitoka kwa upendo, wala sikulaumu kwa siku ile. Nakulaumu kwa jioni zote zilizofuata.

Unafikiri unampa mama yako mwanga. Unampa kazi ya kungoja. Mwanamke aliyelima milima ya Masisi anakaa kitini kwako akingoja macho, badala ya kujifunza njia ya jikoni na kushika fimbo. Na ile "kweupe kidogo" ya kila asubuhi, papa, mimi pia nina watoto wakubwa. Nashuku anaisema ili wewe usivunjike moyo. Mko wawili, mnahurumiana kwa uongo, na jicho linaloumia ni lako.

Dokta naye umemfanya nini? Ule utafiti unataka kujua dawa ipi inafaa watu wa huku. Macho yako yameandikwa humo kwamba hii haifai. Kesho mgonjwa wa Rutshuru atanyimwa dawa nzuri kwa sababu wewe ulikuwa na adabu kwa mama yako!

Basi usingoje Jumanne. Kesho, kabla ya atelie, nenda useme: dawa nilimtia mama. Atakukaripia, mwache akukaripie. Labda bado atataka kukupasua, maana chupa zenyewe hazina uhakika wa kupatikana, lakini aamue akijua. Msumeno usiuguse tena mpaka akuruhusu, mwachie Baharanyi, wewe shika randa. Na ugonjwa huu unapita katika ukoo: ndugu zako na watoto wako wakubwa wapimwe, hasa yeyote anayejisifu kwamba anaona mbali.

Kisha mama. Mwambie wewe mwenyewe, si Bénita, si padri. Mchana, mmekaa chini, kwa lugha yenu ya nyumbani. Atalia, labda atakukasirikia siku kadhaa. Usimbembeleze kwa ahadi nyingine, kaa naye tu. Akimaliza, mwambie pia kile ulichomficha zaidi: kwamba ugonjwa wake unao wewe pia, na chupa ilikuwa yako. Hapo jifunge mkanda, papa, maana hilo ndilo litakalomuumiza kuliko macho yake.

Halafu umpe kazi. Kila jioni akuulize kama umetia matone yako, na asikuache ukalale mpaka umemjibu. Nakuhakikishia hatasahau hata jioni moja.

Mama Kahambu