Mluzi wa Baba na Mbwa wa Kunguni

Mwaka mmoja umetimia leo, Baba, tangu mluzi wako uliponyamaza kwenye ngazi za nyumba hii.

Wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu wanakufahamu kama yule bwana wa mbwa, aliyeingia kwenye nyumba za wageni na mabweni asubuhi, kamba mkononi, akatoka akijua, kwa pua ya mbwa wake, ni kitanda kipi kina kunguni. Wenye nyumba walikuomba upitie mlango wa nyuma ili wateja wasikuone. Ulipitia, huku ukipiga mluzi wa kusikika hadi barabarani.

Mbwa wako jike, mwenye sikio moja lililolala, Mama alimwita mke mwenza, kwa sababu ukirudi kazini ulimuuliza yeye kwanza kama amechoka. Nasi wanao, kwa adabu mliyotufunza, tukamwita Mama Mdogo. Aliitika.

Mke mwenza Mama alimvumilia. Kilichomshinda ni chupa. Ili Mama Mdogo asisahau harufu, ilibidi uwe na kunguni hai, na kunguni hai lazima wale. Kila Jumamosi uliigeuza ile chupa yenye kitambaa chepesi mdomoni, ukaiweka juu ya mkono wako, ukawalisha huku unasoma gazeti.

"Wenzangu waume zao wanafuga kuku," Mama alikuwa akisema. "Wangu anafuga kunguni, tena kwa damu yake." Aliapa kwamba chupa ile hataigusa hata kwa dawa.

Kisha ukaja ule mtihani. Kila mwaka ilibidi mpimwe wewe na mbwa: mtu msiyemjua anaficha kichupa cha kunguni katika chumba kimojawapo, mbwa anakitafuta, akikipata anaketi, apewe mpira wake wa kuchezea. Mwaka ule Mama Mdogo alizunguka vyumba vyote, mkia juu, asiketi popote. Bosi wako akakupa wiki tatu. Mkianguka tena, mbwa anauzwa. Wenzako kazini wakakutania kwamba miluzi mingi humpoteza mbwa. Ulirudi nyumbani ukaweka kamba mezani, chakula hukukigusa.

Siku tatu ulimfanyisha mazoezi humu ndani. Ulificha mwenyewe, ukampitisha mwenyewe, na kila mara aliketi palepale penye kichupa.

"Anajua," ulisema. "Anajua kabisa. Sasa kule alipatwa na nini?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kisu chake cha vitunguu. "Huyo hanusi," akasema. "Anakusikiliza wewe. Ukifika penye kichupa unaacha mluzi."

Ukabisha. Ukabisha sana.

"Mume wangu, tumekaa miaka ishirini na sita. Siku ulipovunja sahani za mama yangu ukazifukia uani, nilijuaje? Ukiwa na jambo unalificha, mluzi unakatika. Mimi nilijua zamani. Mke mwenzangu naye sasa kajua."

Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Mluzi ulikuwa umekatika, kwa hiyo Mama Mdogo naye akaketi, akidhani amepata.

Dawa ilikuwa moja tu: afiche mtu mwingine, nawe usijue ni wapi. Sisi tulijaribu, lakini nyuso zetu zilitoa siri kabla hujavuka mlango. Akabaki Mama. Wiki mbili na siku kadhaa, mwanamke aliyeapa vile alivaa glavu za kufulia, akakishika kichupa kwa ncha za vidole, akakificha nyuma ya kabati, chini ya godoro, na siku moja ndani ya kiatu chako cha sherehe. Kisha akaenda kusimama uani ili asionekane usoni. Wewe ulipita vyumbani ukipiga mluzi bila kukoma, hujui lolote, na Mama Mdogo akaanza kunusa kweli. Akiketi, uliuliza kwa sauti, "Ni nyuma ya kabati?" Mama akajibu kutoka uani, "Kapata." Hapo ndipo mpira wake ulipotoka mfukoni mwako.

Mlifaulu. Hatujawahi kuona watu wawili na mbwa mmoja wakijivuna namna ile.

Miaka sita baadaye ulikwenda hospitali kuchukua majibu yako. Tulikusikia ukipanda ngazi na mluzi wako. Mama akakuuliza daktari amesemaje. "Mambo madogo tu," ukasema. Ukajaribu kuendelea na wimbo, mluzi ukakatika. Mama Mdogo akaja akaketi mbele yako, kifua mbele, akisubiri. Ukatoa mpira ukampa. "Ni haki yake," ulisema.

Ulipoondoka, nyumba ilinyamaza, na kwa Mama Mdogo ukimya maana yake ni kunguni. Akawa anaketi mbele ya kila aliyekuja kutupa pole. Shangazi alichemsha nguo zake zote. Tulicheka, Baba, na tulilia, mara nyingine kwa pamoja.

Basi Mama, ambaye hajawahi kupiga mluzi maishani mwake, akajifunza. Ni upepo na mate, na wimbo wako usingeutambua. Lakini kila asubuhi anapita nao vyumbani, mke mwenza nyuma yake, pua chini. Wakifika kwenye kiti chako, mluzi unakatika. Mama Mdogo anaketi. Mama anasimama naye hapo kidogo, kisha anatoa mpira mfukoni na kumwambia, "Umepata."

Unakumbukwa na mkeo. Sisi wanao watatu. Dada yako, ambaye nguo zake zilirudi salama. Wenzako kazini, ambao waliacha ile methali. Na Mama Mdogo, ambaye amestaafu lakini hajaambiwa. Kunguni wako wapo kazini kwako na wanalishwa na mtu mwingine. Mama alisema nao watajwe, maana ni damu yako.

Kila nyumba hii ikinyamaza, Baba, tunakukumbuka.