Hakuna Aliyemwambia Papa Amisi

Kisangani, mardi

Na mimi nilizani chef wangu wa kazi ya courant, ule umeme wa muji, alishamwambia Papa Amisi. Chef naye alizani ni mimi.

Tangu tulitia ile boîte, kasanduku ka kuongoza kwa simu, mu kabini ya transfo kule Mangobo, ninakata na kurudisha courant ya quartier nikiwa mu bureau. Ninabonyeza ku écran ya ordinateur tu, carte SIM ya mu boîte inapokea agizo, manette, ule mukono wa chuma wa kuwashia, inapanda. Zamani nilikuwa ninamupigia simu Papa Amisi, gardien mwenye kulinda kabini, na yeye ndiye alikuwa anaipandisha kwa mukono wake.

Leo nilienda kule kusimamisha antenne ya boîte, mvua iliiangusha. Nikamukuta papa amekaa ku mulango, simu iko ku magoti.

“Mama Aziza, nilikukosea nini? Kila magaribi ninakuya kungoja simu yako, ninasikia manette inajipandisha yenyewe. Wewe haunipigie tena.”

Nikamuelezea boîte, réseau ya simu, écran. Alisikiliza yote kwa adabu.

“Bon. Machine iko muzuri. Lakini mungeniambia.”

Nilisikia haya tupu. Kabini zote za muji zinaongea na sisi muchana na usiku, na sisi tulishindwa kuongea na mutu mumoja.

Jioni, saa ya kurudisha courant, nikasema nimupigie, hata kwa heshima tu. Simu haikulia mara mbili.

“Niko hapa, mama!” Sauti yake ilijaa furaha. “Machine imeshindwa? Nipandishe?”

Kidole yangu ilikuwa imeisha kubonyeza ku écran; manette ilishapanda bila yeye.