Muziki Nimeuzima Mimi

Jumatatu, 6 Mei
Kozi ya usalama wa mikusanyiko imeanza. Mwanamke ni mimi peke yangu. Mkufunzi anasema msongamano hausikilizwi, unatazamwa — tazama mikono. Asiyeweza kuinua mkono, kifua kimeshabanwa. Darasa zima tukaandika.

Alhamisi, 9 Mei
Jumamosi tunafanya mazoezi kwenye tamasha la kweli, uwanjani. Mimi nimepangiwa jukwaani: nikiona hatari, naamuru muziki uzimwe. Wenzangu hoi kwa kicheko. Eti kwa sauti yangu hii nyembamba hata paka hashtuki! Wamenibatiza Bi Filimbi. Haya, tutaonana.

Jumamosi, 11 Mei
Nimeuzima! Wimbo wa tatu. Nyuma watu wanaruka, wanapunga simu. Mbele, kwenye vizuizi vya chuma — nyuso tu. Hakuna mkono hata mmoja. Nikamwambia fundi mitambo azime. Akamtazama mwandaaji wa tamasha. Nikapaza sauti, zima! Akazima.

Uwanja mzima ukanizomea. Chupa ikanipita sikioni. Tukawarudisha watu nyuma, walinzi wakawavuta wasichana wawili juu ya vizuizi, wanahema. Wakanywa maji, wakarudi kucheza. Mwandaaji akanijia juu: nani kaumia? Nimwonyeshe hata mmoja!

Sina wa kumwonyesha. Si ndiyo kazi yenyewe, bwana!

Jumapili, 12 Mei
Mwandaaji kanishtaki kwa Mkufunzi. Mama kasikia. Anasema mwanangu, omba radhi yaishe, upate cheti chako. Nampenda mama. Siombi. Nimelia kidogo jikoni, hasira tu.

Jumatatu, 13 Mei
Mwandaaji yuko darasani, kakaa mbele utadhani mwenye nyumba. Mkufunzi anataka nikiri mbele ya wote kwamba nilipaniki. Nikikiri, nahitimu. Nisipokiri, nifungashe virago.

Nikasema sikupaniki. Halafu nikamuuliza yeye, kwa heshima zote: mwalimu, ungekuwa wewe pale jukwaani, ungeuacha muziki uendelee?

Mwandaaji akacheka, akamwambia haya mjibu basi.

Mkufunzi kasema anapokea simu, katoka. Simu haikulia, sote tumesikia kwamba haikulia. Hajarudi. Ninaandika hapa hapa kwenye dawati, mwandaaji kanikazia macho. Hakuna anayecheka sasa. Mlango uko wazi, na mimi sitoki.